Altaneta Uliyomtumia Baba

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na wale watoto wangu, kifua cha yule mdogo kimetulia? Baridi ya huko isiwachezee. Wavalishe soksi hata ndani ya nyumba, na wakinuna waambie ni amri ya shangazi yao. Sisi huku tunapumua, ingawa si wote kwa urahisi. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kulia umefungwa bendeji, ndiyo maana mwandiko huu unayumba kama mlevi. Usicheke.

Barua hii anakuletea jirani yetu nesi, ambaye anasafiri kesho kuja huko. Ningekupigia simu, lakini wewe kwenye simu nikisema "baba" unauliza waya una unene gani. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Altaneta ilifika salama. Baba aliipakata kitandani kama mjukuu, akawa anaizungusha kwa kidole huku ametega sikio asikie kama beringi zake ni nzuri. Kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa imetoka kwa mwanawe, na aliyekuwa hajui altaneta ni nini alipewa darasa la jinsi inavyozungushwa na injini ikazalisha umeme wa gari, hadi akajuta kuja. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu mapafu yamwelemee.

Unajua tulivyokuwa tunateseka. Bila mashine ya oksijeni baba hawezi safari, na kile kilima cha mawe cha kwenda hospitali hakuna teksi inayokubali kukipanda. Ni gari lake tu linalokiweza, lile kongwe alilolinunua idara ya maji ilipouza magari yake chakavu. Lakini altaneta ya zamani ilikuwa hoi. Ukichomeka mashine, taa zinafifia, mashine inaanza kupiga kelele, na mama naye anaanza kulia.

Fundi umeme alifanya kazi yake vizuri, naomba hilo lisikutoke akilini. Alichonga kishikio kipya ili altaneta ikae sawa na mkanda, akavuta waya mnene kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye betri. Kisha akazifungua nyaya za ile geji ya chaji kwenye dashibodi. Alimweleza baba kwamba katika magari ya zamani umeme wote wa chaji hupita ndani ya geji, na kwamba geji ile ilitengenezwa kwa altaneta ndogo. Nguvu ya hii mpya ikipita humo, itaungua. Badala yake akampachikia kidude kidogo kinachoonyesha namba. Baba akasema, "Sawa, fundi," kwa ile sauti yake ya mtu ambaye hajakubali.

Mimi na wewe tunaijua geji ile. Alitufundisha kusoma mshale wake kabla hatujajua kusoma saa. Anayekaa kiti cha mbele kazi yake ni kutangaza: umepanda, umeshuka, umesimama katikati. Ukisinzia unahamishiwa nyuma na mizigo. Basi safari ya kwanza tulikwenda hospitali na kurudi, mashine haikulia hata mara moja, na baba njia nzima amenuna. Kila akitupa jicho, mshale umelala. "Mwanangu," akaniambia, "naona kama tumepanda gari lililokufa."

Baada ya hapo akawa anaomba akae garini, pale uani, ule mpira wa oksijeni tukiupitisha dirishani umfikie. Tulidhani anapunga upepo. Mama alifurahi kwamba angalau ametoka chumbani. Kumbe mzee ana spana kwenye mfuko wa koti! Alizirudisha nyaya za geji, na alipoona mshale unatikisika kidogo tu, akaufungua ule waya mnene ili umeme wote upite pale alipozoea kuuona.

Safari ya pili nilimkuta uso umekunjuka. Nilimwuliza geji imefufukaje, akasema fundi alipita. Nikaamini. Nani atafikiri mtu anayehema akivaa shati amefanya kazi ya ufundi? Tukaondoka, mama nyuma na mashine, baba mbele akitangaza, "Umepanda! Umepanda!"

Katikati ya kilima dashibodi ikaanza kufuka moshi. Nilisimamisha gari, nikafungua boneti, nikaung'oa waya wa betri kwa mkono mtupu, na plastiki yake ilikuwa imeshaanza kuyeyuka. Moto haukushika. Lakini mashine nayo ikazimika, maana umeme wake ulitoka hapo hapo. Mama akawa anampepea kwa mtandio, na mimi nilisimama katikati ya njia nikipiga mayowe. Lori la kokoto lililokuwa linashuka likageuza, wakamkalisha mbele pamoja na dereva. Rangi ya midomo yake sitakueleza.

Alifika akiwa hai. Ila moyo umeumia sana kwa kukosa hewa, na daktari ametuambia tumrudishe nyumbani, akae karibu na watu wake. Unaelewa maana ya maneno hayo. Mimi niliyaelewa nikiwa bado koridoni, nikakaa sakafuni mbele za watu.

Nimekuandikia yote haya kwa sababu nakijua kichwa chako. Ulisema labda uliagiza kubwa mno. Hapana, usijibebeshe mzigo huo. Fundi ameipima, bado ni nzima kabisa. Na baba mwenyewe hafichi, kila anayeingia anamwambia, "Nimejiponza." Nina hasira naye, mdogo wangu. Namlisha supu huku namgombeza, kisha nakwenda jikoni kulia.

Juzi nilimsomea ujumbe wako kwamba unatuma nyaya mpya na geji kubwa zaidi. Alifumba macho nikadhani amelala. Sasa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, kwa hiyo nilisubiri. Akasema, "Mwambie asitume kitu." Akapumzika. "Vitu vyake vyote vimefika. Yeye bado."

Mama anakusalimu sana. Amekitandika kile kitanda chako bila kumwuliza mtu, na mimi sikumwuliza. Shangazi amehamia hapa tangu wiki iliyopita, anasema miguu inamsumbua lakini ulimi wake uko imara. Fundi umeme naye anakupa pole; anapita kila jioni kukaa na baba, wanabishana kwa macho tu. Nisalimie wifi, na uwabusu watoto kwa niaba ya babu yao.

Mungu akufungulie njia, awalainishe mabosi wako, na amwachie baba pumzi kidogo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokufokea.

Usiijibu barua hii. Njoo.