Tangu Agnetha Arudi

Jumapili, 3 Novemba 2024

Agnetha amerudi. Alhamisi mchana nilikuwa barazani nachambua maharage, mara namwona anakuja katikati ya migomba na sanduku lake. Hana shela yake ya usista. Nywele fupi, kama za mtoto wa shule.

"Sikufukuzwa, mama. Nimeomba mwenyewe kutoka."

Na nadhiri za kwanza zilikuwa karibu hivyo! Mimi, badala ya kumkumbatia mwanangu, nikauliza: nani amekuona njiani?

Mungu nisamehe. Ndilo neno la kwanza lililonitoka.

Baba yake, Datius, alipokea sanduku, akamwambia akae ale. Basi. Mimi nikaenda kulia chumbani.

Leo baada ya Misa, Anatolia, mwenyekiti wa jumuiya yetu, kaniuliza habari za "sista wetu". Nikasema yuko likizo. Uongo, mlangoni pa kanisa!

Jumapili, 10 Novemba

Wiki nzima nimemweka ndani. Hodi ikipigwa, namwonyesha chumba kwa macho. Anaingia, habishi. Utii huo kaujifunza utawani, au kwangu? Sijui.

Jumuiya ilikuwa isali hapa kwetu Nyanga, Bukoba, jana. Kwa hiyo Ijumaa nikampeleka stendi, aende Kimwani kwa shangazi yake Clotilda, hadi Noeli. Nikamwambia shangazi anahitaji msaada shambani.

"Mama, unanionea aibu?"

Nikajifanya natafuta mwavuli.

Jioni Datius hakugusa chakula. Alisema tu kwamba mtoto amerudi kwao, na mimi nimemhamisha. Halafu akaondoka mezani.

Jumapili, 17 Novemba

Leo kwenye Misa nimesoma somo la kwanza. Wamenisifu sauti. Mwenyewe sikusikia hata neno moja.

Agnetha hapokei simu. Nikimpigia Clotilda, ananiambia mtoto yuko shambani. Kila saa shambani!

Jana Anatolia kanivuta pembeni. Kumbe wanajumuiya walimwona siku ile ile aliyofika. Walidhani anaumwa vibaya, ndiyo maana namficha — wamekuwa wakimsalia rozari! Nikamweleza ukweli, nimeinamisha kichwa. Yeye akashangaa. "Sasa hilo ndilo la kuficha, jamani waitu? Mwanangu Rugemalira si alitoka seminari? Tulipika ndizi, tukala."

Nilikuwa namficha asionwe na nani, basi? Asionwe na macho yangu mwenyewe.

Mchana nimefungua riwaya niliyoazima kwa jirani yangu Verdiana. Ukurasa ule ule, mara tatu, hauingii. Agnetha alipokuwa mdogo, Jumapili saa kama hizi nilimsomea maisha ya watakatifu. Hakuwa anatazama kitabu. Alinitazama mimi, mdomoni. Nilidhani anawapenda watakatifu. Labda alipenda kukaa na mama yake tu. Nami nikatangaza kwa kila mtu kwamba huyu ni wa Mungu. Yeye mwenyewe nani alimuuliza?

Jumamosi nakwenda Kimwani. Nimeshamwambia Datius. Kaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 24 Novemba. Kimwani

Sikukuu ya Kristo Mfalme. Maandamano ya Bukoba yamenipita, sijali.

Jana nilifika, nikapiga hodi. Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Nikazunguka — mgongo wa Agnetha huo, unapotelea kwenye migomba.

"Ndivyo afanyavyo kila akija mgeni," Clotilda akasema. "Nani kamfundisha kujificha hivi, wifi?"

Nikaingia ndani, nikakaa.

Agnetha alirudi baadaye. Akapiga magoti, shikamoo mama, akaniletea maji ya kunywa. Kila kitu kwa adabu. Kama mgeni hasa! Nilitamani anifokee.

Leo nikamwomba twende wote kigangoni kusali. Akakataa. Akauliza, akiulizwa je, aseme yuko likizo kama nilivyosema mimi? Nikamwambia hapana, likizo imekwisha. Akanitazama sana. Mwishoni akajifunga kitambaa, akatufuata.

Baada ya matangazo katekista akaomba wageni wasimame wajitambulishe. Nikasimama. Nikasema mimi ni Edvina, natoka Nyanga, na huyu ni binti yangu Agnetha — alikuwa utawani, sasa amerudi nyumbani, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Wakatupigia makofi. Nikajisikia mwepesi, nikamshika mkono ainuke.

Hakuinuka. Akautoa mkono wake taratibu.

Njiani alitangulia peke yake. Nilipomfikia ndipo akasema, bila kugeuka:

"Umeniuliza kama nataka watangaziwe?"

Lo! Wiki zote hizi namficha bila kumuuliza. Leo nimemtangaza bila kumuuliza. Tofauti iko wapi?

Nikamwambia pole, mwanangu. Akasema, "Nimesikia, mama."

Kesho narudi Bukoba. Nimemuuliza kama atapenda twende pamoja — nimeuliza tu, sikubembeleza, ingawa ulimi uliniwasha. Akasema bado anafikiri. Nikasema sawa. Neno gumu kuliko yote niliyosema mwaka huu!

Naandika hapa sebuleni. Clotilda yuko jikoni. Mawingu yameshuka ghafla, na kahawa yote iko nje imeanikwa. Tone la kwanza. Agnetha kakimbilia uani. Namsikia anaita: "Shangazi! Mama! Yeyote aje ashike turubai!"

Yeyote. Naenda mim—