Sungura wa Mwaka wa Kwanza

Bwenini, 14 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na makochi ya wateja hayakuelemei. Mimi sijambo, ila miguu inauma. Chumba chetu kiko juu kabisa na bomba la maji liko chini kabisa.

Ulisema nikuandikie, maana simu ikikatwa imekwisha lakini barua inasomeka tena. Haya basi. Ukaniuliza pia wateja uwajibu nini wakitaka kujua binti yako anasomea nini. Waambie hisabati ya viumbe hai. Wakikukodolea macho, waambie daktari anamtibu mgonjwa mmoja, sisi tunakaa na kalamu kukisia ugonjwa utasambaaje mji mzima, au ziwani watabaki samaki kiasi gani wakiendelea kuvuliwa hivi.

Somo la kwanza lilikuwa sungura. Mwalimu wetu tunamwita Chaki, kwa sababu vumbi la chaki limemjaa hadi kwenye nyusi. Alichora sungura wawili ubaoni. Wakazaa, watoto wakazaa, wajukuu wakazaa, na mstari wa idadi yao ukapanda mpaka mkono wake ukatoka nje ya ubao. Ni mlinganyo mfupi tu, baba, na ndani yake umo ukoo mzima! Nilifurahi hata nikasahau kula.

Mwanao,
Kifungo

*

Karakanani, 2 Novemba

Mwanangu Kifungo,

Marahaba, mama. Mimi mzima. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke, nikigonga msumari najishtua mwenyewe.

Barua yako nimeikunja na kuikunjua mpaka imechanika. Basi nimenunua sungura wawili sokoni, dume na jike. Banda nimelijenga kwa mbao za kochi ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, na juu nimelivalisha kile kitambaa cha maua kilichobaki. Chini niliweka sponji, wakaila. Jirani anasema sungura wangu wanaishi vizuri kuliko yeye.

Wewe soma huko, mimi nasoma huku. Niambie nitegemee watoto lini. Kwa sasa wanagombana sana, lakini najua ni ndoa changa, watazoeana.

Baba yako

*

Bwenini, 25 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo. Wewe hujambo? Na wanandoa wako hawajambo?

Mbavu sina! Nimewasomea wenzangu barua yako, sasa kila asubuhi wananiuliza hali ya maharusi. Nimekaa na kupiga hesabu vizuri. Mimba ya sungura ni mwezi mmoja, kwa hiyo ukifika mwaka mpya utakuwa umeshaitwa babu. Andaa banda la pili kabisa.

Huku mitihani inakaribia. Masomo ni magumu kidogo, ila usijali.

Kifungo wako

*

Karakanani, 30 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Mbona kimya? Hata salamu za mwaka mpya sikuziona. Kama ni kusoma, soma. Kama ni kuumwa, sema.

Mimi mzima. Sungura nao wazima, wamenenepa kama mito ya kochi, lakini mtoto hata wa dawa hakuna. Banda la pili liko tupu, nimeweka gundi na makopo. Mteja mmoja kaniambia hesabu za binti yangu zimegoma. Nimemshonea kiti chake, ila springi moja nimeiacha ilegee kidogo, imchome akikaa.

Angalia tena ule mlinganyo, mama. Labda kuna kitu nimekifanya vibaya huku.

Baba yako

*

Bwenini, 26 Februari

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Siumwi, nina aibu.

Nimeanguka masomo mawili. Yote mawili ni ya kuandika milinganyo ya viumbe, yaani lile somo lenyewe nililokuja kulisoma. Pembeni ya karatasi yangu Chaki ameandika, "Hesabu safi, lakini umeanzia hewani." Sijamwelewa na sijathubutu kumwuliza. Wenzangu wananyoosha mikono, mimi nainama nikijifanya natafuta kalamu.

Wale sungura nimewapigia hesabu upya kila nilivyojua, na jibu ni lilelile, ilipasa wawe wamejaa uani. Kama hata sungura wawili wa baba yangu nimeshindwa kuwahesabia, nani atanipa ugonjwa wa mji mzima? Nataka kufunga mizigo nirudi. Nitakusaidia kukata vitambaa. Usiwaambie wateja kwanza.

Mwanao,
Kifungo

*

Karakanani, 4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, tena mara mbili. Keti chini kabla hujaendelea kusoma.

Juzi alikuja bibi daktari wa mifugo kuleta kiti chake cha ofisini kilichovunjika mguu. Akapita bandani. Akamnyanyua sungura wa kwanza, akamgeuza. Akamnyanyua wa pili, akamgeuza. Akacheka mpaka akasahau, akakikalia kile kiti kibovu, kikambwaga. Madume, Kifungo! Wote wawili ni madume. Muuzaji alisema dume na jike, nami nikaitikia. Wengine huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi nimeuziwa sungura mchana kweupe, na kazi yangu ni kupindua vitu kuangalia chini yake.

Hesabu zako hazina kosa. Sasa nikwambie kwa nini niliwanunua. Sikutaka nyama wala biashara. Barua yako ya kwanza ilikuwa na furaha, nami nilipoisoma niliogopa. Niliona utapanda na huo mstari wako mpaka ufike mahali nisipoelewa hata neno lako moja, tubaki na shikamoo na marahaba tu, halafu na hizo zipungue. Nikatafuta kitu cha kukuuliza. Ndiyo hao sungura.

Ukitaka kurudi, rudi. Mlango huu kwako hauna kufuli. Lakini usirudi kwa kesi ya madume wawili, mama. Nitaonekana mimi ndiye niliyekufukuzisha chuo.

Akupendaye,
Baba

*

Bwenini, 20 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka, nimelia, nimecheka tena. Mwenzangu wa chumbani alidhani kuna msiba.

Nilikwenda kwa Chaki na barua yako mkononi. Alipofika kwenye madume alivua miwani akajifuta machozi. Kisha akauliza, "Na wewe, kabla ya kupiga hesabu, ulimwuliza baba amehakikishaje?" Nikasema hapana, nilianza kuhesabu tu. Akatoa karatasi zangu mbili za mtihani akaziweka mbele yangu. Humo mote, baba, hakuna mahali nilipoandika ninachokichukulia kuwa kweli kabla ya kuanza. Hapa wanaita dhana. Nani dume, nani jike, chakula kipo au hakipo. Ndiyo ile hewa niliyokuwa naanzia.

Maji nimeshayavulia nguo, nitayaoga. Nitafanya mtihani wa marudio mwezi wa tano.

Na ile hofu yako niachie mimi. Nikikaa darasani naandika tu. Nikikuandikia wewe ndipo naelewa. Siku utakapoacha kuniuliza, mimi ndiye nitakayepotea.

Kifungo wako

*

Karakanani, 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba! Umefaulu! Barua yako ya matokeo nimeisoma nikiwa na misumari mdomoni, nusura niimeze. Wateja wote wameambiwa, na wasiouliza pia.

Nami nina habari. Nimenunua jike. Bibi daktari kamgeuza mbele yangu, na mimi nikamgeuza tena. Mume mmoja kamkubali, yule wa pili nimemhamishia banda la gundi, amenuna. Watoto wamezaliwa. Springi ndiye mkubwa, halafu yuko Sponji, yuko Msumari, na mwingine nimempa jina lako kwa ukaidi wake. Jana bibi daktari kasema mama yao ni mjamzito tena. Watu wanakuja kununua, nawaambia waje kesho.

Swali langu ni hili. Ule mstari unaopanda, huwa unashuka lini?

Baba yako, sasa Babu

*

Bwenini, 14 Juni

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, najua nawe mzima. Naharakisha.

Nimekupigia hesabu, safari hii kwa utaratibu. Dhana ya kwanza, jike ni jike, nina mashahidi wawili. Ya pili, majani yapo tele. Ya tatu, na hiyo ndiyo nzito, baba yangu hana moyo wa kuuza hata mmoja.

Kwa dhana hizo mstari haushuki. Nitakapomaliza shahada sungura watakuwa wamelala kitandani kwako, na wewe umelala bandani chini ya kitambaa cha maua. Mtenganishe mama yao na yule mume leo, si kesho.

Mstari unavyotulia chakula na nafasi vikipungua ni somo la mwaka wa pili. Tumepewa kitabu mapema, nami nimeanza kukisoma. Kuna mahali sijaelewa. Nakuja Jumamosi nikufundishe. Andaa maswali.

Mwanao,
Kifungo