Mchoro wangu wa boga umegeuzwa tumbo

Mwenzangu uko wapi? Soma hii kabla sijapasuka.

Unaukumbuka mchoro wangu wa wino, ule niliowapa zahanati? Ule wa mmea wa maboga, shina linatambaa, vikono vinajikunja, huoni boga lenyewe, unaona mwendo wake tu. Kazi yangu ya kwanza kutundikwa mbele za watu!

Leo nimekwenda kupima presha. Namkuta yule daktari mwenye sauti ya mtangazaji, amemtoa mgonjwa chumbani makusudi, anamfundisha mbele ya mchoro wangu. "Chakula kinapita hapa, kinazunguka hapa, kidonda chako kipo hapa." Kusema kidonda, AKATIA NUKTA NYEKUNDU. Kwa kalamu! Juu ya kazi yangu!

Nikamwambia, "Daktari, hilo ni boga."

"Mama, kaa, zamu yako itafika."

Eti nikae! Kusoma kote kule hatofautishi utumbo na boga! Mbuzi anamshinda, maana mbuzi angejua pa kuanzia kula. Huyo ukiumwa kichwa atakufunga bandeji kisigino.

Nikapanda kiti, nikautungua mchoro, huyoo mlangoni. Mgonjwa akanidaka mkono, macho yamemtoka:

"Bibi, unapeleka wapi tumbo langu? Ndiyo kwanza leo nimeelewa ninachoumwa!"

Ningefanyaje? Nimeurudisha ukutani mwenyewe. Na lile bwege la daktari likaja kunisaidia kuunyoosha: "Asante mama, tumbo lisikae upande."