Mawe ya Uwanja wa Nyuma

Sosiot, 8 Januari 2024

Mzee Bethwel,

Salamu. Sisi tuko. Sitakuuliza hali yako, kwa maana sikuandikii kwa ajili ya hali yako. Miaka minne nimenyamaza, na ningenyamaza hata wa tano.

Shida ni uwanja wa nyuma. Tangu uti wa mgongo wa Mama uvunjike siku ulipomsukuma kutoka ngazi za jikoni, anakaa kwenye kiti cha magurudumu, na kiti hicho hakipiti kwenye tope. Mbele ya nyumba ni barabarani, na hataki watu wanaokwenda sokoni wamtazame. Kwa hiyo anashinda chumbani na sasa ana vidonda mgongoni. Nesi alisema wazi kwamba asipotolewa nje kupata jua na hewa, vidonda vitamla mpaka mfupa.

Fundi Sagini wa Chepilat alitumwagia sakafu ya saruji mwezi wa kumi. Mvua mbili tu, ikapasuka katikati. Anasema maji yanatoka chini, kwamba kuna mtaro uliouzika wewe ulipojenga nyumba na hakuna mwingine anayejua ulikopita. Niambie umepita wapi. Ni hilo tu.

Chepchirchir, binti wa Esnah

*

Gerezani, 21 Januari 2024

Kwa mwanangu Chepchirchir,

Chamgei, salamu za kwetu. Naomba barua hii ikukute mzima, ng'ombe wanatoa maziwa, na chai haijaungua kwa baridi. Mimi nipo, ila kifua kinanisumbua asubuhi. Afande aliponipa bahasha nikaona mwandiko wako, niliisoma pale pale mlangoni.

Mpe Sagini pole. Kuta anazijua, lakini juu ya sakafu nilimwambia tangu ujana wake, udongo wetu mwekundu unakunywa maji ukavimba, na saruji haiwezi kuuzuia. Uwanja ule unataka mawe bapa, yalazwe bila saruji. Mtaro unaanzia kona ya tangi, unapita hatua sita kutoka ukuta wa jikoni, unateremkia kwenye mparachichi. Uzibueni kwanza. Kisha chimbeni uwanja wote, kina cha kutoka vidole hadi kiwiko, mjaze kokoto, mshindilie mpaka kisigino kisiache alama. Msiwe na haraka hapo. Watu husifu mawe ya juu, lakini kazi yenyewe iko chini.

Mama yako anakula? Analala? Anasema neno lolote juu yangu? Hasira hasara, mwanangu, nimejifunza.

Baba yako, Bethwel

*

Sosiot, 11 Februari 2024

Mzee Bethwel,

Barua ilifika. Tuko.

Mtaro tumeupata pale pale uliposema. Mizizi ya mparachichi ilikuwa imeuziba kabisa, tukaitoa kwa panga. Asubuhi nachuma chai, nikishaipeleka kituo cha kununulia majani nashika sururu pamoja na Sagini. Viganja vimetoka malengelenge mpaka nachuma nikiwa nimevifunga kitambaa. Kokoto imeshindiliwa, na ngazi za jikoni tumezifukia ili kiti kipite. Mawe yamekuja lori moja kutoka machimboni, ya kijivu, mengine watu wawili hawayainui.

Sasa tunayalazaje? Mteremko uwe kiasi gani, na nafasi kati ya jiwe na jiwe?

Kuhusu Mama, sikukujibu wala sitakujibu. Umesema hasira hasara. Hasara hiyo ilimpata nani?

Chepchirchir, binti wa Esnah

*

Gerezani, 25 Februari 2024

Kwa mwanangu Chepchirchir,

Nakusalimu kwa heshima, na mikono yako naiombea ipone. Paka mafuta ya ng'ombe usiku, asubuhi ngozi itakuwa laini. Swali lako la mwisho nimelisoma mara nyingi.

Juu ya kokoto mwageni vumbi la mawe, unene wa vidole viwili. Chagueni mawe yenye unene wa vidole vinne kwenda juu, jembamba litavunjika chini ya gurudumu. Kila hatua mbili, uwanja ushuke vidole viwili kuelekea mparachichi, ili maji yaikimbie nyumba. Kati ya jiwe na jiwe acheni nafasi ya kidole kimoja, mfagilie vumbi humo, mmwagie maji, mfagilie tena. Jiwe ukilikanyaga likicheza, ling'oe ulilaze upya. Usilidanganye kwa kijiwe.

Mlangoni hasa, lazeni jiwe kubwa kuliko yote, na mawili madogo yabane ubavu wake wa kulia. Hapo msibadilishe chochote. Ndiyo yatakayogawanya maji yasiingie jikoni.

Natoka tarehe kumi na nne Agosti. Ningependa kukaa naye juani hapo, hata siku moja. Muulize kwa niaba yangu.

Baba yako, Bethwel

*

Sosiot, 17 Machi 2024

Mzee Bethwel,

Natumaini kifua kimepata nafuu. Hapa tuko salama, mvua imeanza.

Uwanja umekwisha. Jana tulimwaga ndoo kumi za maji mlangoni, yote yakaenda kwenye mparachichi bila kusita. Sagini alikanyaga jiwe moja moja kwa kisigino akitafuta kosa, akalikosa, akanuna. Kiti cha Mama nimekisukuma kitupu, kimepita vizuri.

Sijamwambia Mama maelekezo yametoka wapi. Anasikia nyundo, anadhani ni akili ya Sagini. Jumapili ijayo baada ya kanisa namtoa nje. Nikiona amefurahi nitamwambia, na la Agosti nitamuuliza. Siahidi kitu. Ila kwa kazi hii, asante, kongoi.

Chepchirchir, binti wa Esnah

*

Gerezani, 21 Aprili 2024

Mwanangu Chepchirchir,

Chamgei tena. Wiki tano sijapata neno. Nikisikia mvua kwenye mabati ya huku nauliza kama mawe yameshika. Huenda barua imepotea njiani, huenda una kazi nyingi. Niambie tu kama alitoka, na alisema nini.

Baba yako, Bethwel

*

Sosiot, 5 Mei 2024

Mzee Bethwel,

Barua haikupotea. Nilikosa mkono wa kuandikia.

Jumapili ile nilimsukuma Mama hadi mlangoni. Alikuwa anatabasamu, amejifunga kitambaa chake cha kanisani cha zamani. Tulipofika kizingitini akatazama chini, akayashika magurudumu yote mawili kwa nguvu. Akaniuliza, "Huyu alikuja hapa lini?" Nikasema, nani? Akasema, "Bethwel. Alikuja lini, na mbona hukuniambia?"

Nilimwapia kwamba bado uko ndani. Hakuniamini. Alirudi kinyumenyume mpaka chumbani, akataka dirisha lifungwe na pazia lishushwe. Mpaka leo hajatoka. Kidonda cha chini kilichokuwa kinafunga kimefunguka tena. Mlango wa jikoni ukigongwa anaacha kula. Nikimuuliza ananijibu tu, "Jiwe kubwa na mawili."

Nimekaa nikayatazama mawe hayo hadi macho yakauma. Ni nini? Nijibu ukweli, kama umewahi kuusema.

Chepchirchir, binti wa Esnah

*

Gerezani, 19 Mei 2024

Chepchirchir,

Salamu. Sistahili kuuliza zaidi ya hapo.

Mawe yale hayana kazi yoyote ya maji. Tulipooana tulipanga nyumba Londiani, wewe hujazaliwa. Nililaza mlangoni jiwe kubwa na mawili madogo ubavuni, nikamwambia jiwe kubwa ni mimi, hayo mengine ni yeye na mtoto atakayekuja, na hawatabanduka kwangu maisha yao yote. Wakati ule alicheka.

Nilitaka ayaone ajue ni mkono wangu uliomtoa juani, anikumbuke kwa wema kabla ya Agosti. Nilijua ningekueleza ungekataa, ndiyo maana nikasema ni ya maji. Nilikudanganya wewe ili nimfikie yeye. Ndivyo nilivyoishi naye siku zote, na naona haya kuandika hivyo.

Mwambie Sagini ang'oe yote, si yale matatu tu. Kazi yangu iko katika kila mstari na mama yako ataijua. Kokoto iacheni, haina kosa. Ayalaze anavyopenda yeye, na msiniambie amefanyaje. Agosti sitakuja Sosiot. Nitashukia Londiani, kuna mtu wa mbao aliyeniahidi kazi.

Bethwel

*

Sosiot, 30 Juni 2024

Mzee Bethwel,

Tuko. Sagini aling'oa yote kwa siku tatu akayalaza kwa mkono wake. Mvua ya mwezi mzima imepita juu yake na hakuna lililocheza.

Mama nilimweleza kila kitu, nikamsomea na barua. Uongo wangu, kumficha kwamba maelekezo ni yako, ulimuuma kuliko wako, kwa sababu wako aliuzoea, wangu hakuutarajia. Baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, akasema nimtoe. Sasa anatoka saa nne anarudi saa saba, na nesi anasema kidonda kimeanza kufunga. Uliuliza kama anakula. Anakula. Usiniandikie tena.

Anakaa karibu na mlango, katikati hataki. Nilimwambia utakwenda Londiani. Akasema, "Hata mkono alisema hatainua tena. Alisema mara ngapi?" Akauliza tarehe ya kutoka kwako, nikamtajia. Ndipo akaniomba nitie komeo mlango wa nyuma, kwa ndani. Sagini alitaka kulifunga juu, mahali pa kawaida. Nimelitia chini, mkono wa Mama unapofika akiwa kitini.

Chepchirchir, binti wa Esnah