Bosi Nimemfuta Mwenyewe

Ndugu yangu, nimechoka. Nimefuta akaunti ya bosi. BOSI!

Nilitakiwa nimfute yule dada wa mitambo ya kompyuta tuliyemwachisha kazi leo, mafaili yake yaende kwa bosi. Programu yangu ikauliza mfumo habari za dada, kisha za bosi.

Kumbe majibu yote mawili hukaa sehemu moja! La pili likafunika la kwanza. Programu ikafuta aliyebaki hapo. Bosi.

Kaja mezani kwangu, kompyuta mkononi: "Mbona inasema hainijui?"

Hainijui!

Kumrudisha kunahitaji nenosiri la nakala za akiba. Analijua yule dada peke yake.

Sasa hivi bosi anampigia. Kasema "tafadhali", nimesikia kwa masikio yangu.

Dada kamwambia asubiri, anamalizia chai.