Skrubu Zilizozungushwa Kizuizini

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Moroni, joto limenimaliza. Siku tatu niliirekebisha sakiti yangu, ile ya kupima jinsi nyaya za simu zinavyozuia umeme, mpaka ikasoma sawasawa. Jana, kwenye kizuizi cha barabarani, mmoja wa mamluki wa Kizungu wanaomlinda rais wa hapa aliidhania redio ya kijasusi, akazungusha skrubu zote za kurekebishia kwa kisu, vipimo vyangu vikaharibika.

"Nyamaza, bwana, sisi tumezoea," akaninong'oneza Saidi, fundi mwenyeji anayejua Kiswahili, ninayefanya naye kazi.

Nikaifunga sakiti yangu, tukapita. Leo nimeanza upya. Mke wa Saidi alituletea samaki wa nazi kama wako, nikaomba nyongeza. Alasiri sakiti ikasoma sawa. Saidi hakushangilia, aliniuliza tu kesho tutapita njia gani tusikutane na kizuizi kile.

Niombee dua, Mama. Nakuombea magoti yako yapone.

Mwanao,
Hamadi