Jina Hilo Sichapi Mgongoni kwa Robert

Mtaa wa Dengfeng,
Xiaobei, Guangzhou.
9 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu Theophil,

Hujambo huko Australia? Kifua kimepona? Baridi ya Perth isikuchezee, vaa sweta. Mimi mzima, magoti tu yananung'unikia ngazi za soko la Shahe. Shangazi yako Felisia ndiye anayeniandikia, maana kalamu hainijui. Nimemkataza kulainisha neno hata moja.

Fulana ishirini za timu yenu tumezipata, kitambaa kizuri. Lakini ile ya kipa wenu Robert, uliyotaka iandikwe "Abo" mgongoni, sichapi. Bosi wa mashine alikwisha kuchapa moja ya majaribio, nje ya hizo ishirini. Nimeikata kwa mkasi mbele yake, akaniona kichaa.

Mimi nilidhani ni kifupi cha jina lake. Aliyeshtuka ni Muthoni, jirani yetu Mkenya aliyewahi kuishi huko kwenu miaka sita. "Shosho, hii mtamvalisha nani? Hili ni tusi!" Akanieleza kuwa wenyeji wa asili wa nchi hiyo, Waaborijino, watu wa akina Robert, waliitwa hivyo na watu waliowapora ardhi na kuwanyang'anya watoto wao. Hata chai ilinishinda.

Felisia alipokupigia simu ukajibu ni utani tu. Utani! Sisi Wangoni na Wahehe ndio watani. Mhehe namwita mla mbwa, naye ananipa langu papo hapo. Na siku tunamzika babu yako Mikaeli, ni Mhehe aliyeshuka kaburini akajilaza, akagoma kutoka mpaka tumpe kuku. Utani una pande mbili, na una jembe la kuzikana. Wewe na Robert mlipatana utani huo lini? Yeye anakuita nani?

Unasema alicheka. Na mimi nilicheka. Mwaka wangu wa kwanza hapa, muuza suruali mmoja aliniita "heigui", shetani mweusi, wenzake wakaangua kicheko. Nikacheka nao, kwa sababu nilikuwa peke yangu na mzigo wangu uko mikononi mwake. Nilipofika chumbani nikatapika. Sijamwambia mtu mpaka leo. Hata Felisia ameweka kalamu chini kidogo.

Huyu Robert si ndiye aliyekulaza sebuleni kwake miezi miwili ulipokosa pa kukaa? Nawe, mtoto niliyekubeba mgongoni, unamrudishia uchafu huo? Aibu yako ni yangu. Mechi yenu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nenda kwake kabla. Usianze na "nilikuwa natania." Sema umekosa, kisha nyamaza. Asipokusamehe, ni haki yake.

Fulana kumi na tisa zinaondoka kesho. Ya Robert nimeibakiza, mgongo mtupu. Muulize mwenyewe anataka kuitwaje.

Msalimie mkeo Agape. Felisia na mumewe Thadeo wanakusalimu. Mungu akufunike, na ulimi wako auwekee mlango.

Akupendaye hata leo alipochefuka,
Bibi yako,
Skolastika